Simu ya mlinzi

Ilikuwa Alhamisi usiku, prepo imeshaisha, tulipoikuta ile simu ndani ya kamusi. Kamusi yenyewe ilikuwa ya maktaba, ya Kiingereza kwa Kiswahili, na muhuri wa shule ulisomeka vizuri tu kwenye ukurasa wa kwanza. Lakini kuanzia herufi M mpaka T kurasa zilikuwa zimechongwa kwa wembe, kingo zimenyooka kama kazi ya fundi seremala, na ndani ya lile shimo imelala simu janja ndogo yenye ufa kwenye kona ya kioo.

Nilikuwa mwalimu wa nidhamu katika shule moja ya bweni huko Nyanda za Juu Kusini, mwaka 2016. Fomu ya kujiunga ilisema wazi kwamba mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu, na atakayekutwa nayo simu itateketezwa. Neno lenyewe ndilo hilo, kuteketezwa. Mimi, matroni na walimu wawili wa zamu tulikuwa tumeshakuwa mabingwa wa sachi. Mche wa sabuni ukiuona una mstari mwembamba katikati, ujue umekatwa, ukakombwa kwa kijiko, ukagandishwa tena kwa maji, na ndani mna simu ndogo ya kitochi. Godoro lenye mshono mpya, kuna chaja. Holda ya taa imekaa upande, hapo ndipo wanapochajia, waya zimefungwa kwa plasta ya kidonda, na namshukuru Mungu bweni halikuwahi kuungua.

Nakiri kazi ile ilikuwa na utamu wake. Kila mbinu tuliyoikamata ilizaa nyingine, na kila nyingine ilitupa hadithi ya kusimuliana ofisini wakati wa chai. Ukiniuliza kwa mwaka mzima wanafunzi wangu walijifunza nini kuhusu simu, jibu ni moja tu: kuficha.

Simu ya kwenye kamusi haikuwa na nywila. Nikaenda nayo nyumbani, nikakaa kitandani, nikaifungua. Leo nisingethubutu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata pasipo sheria, kupekua simu ya mtu ni sawa na kumpekua mfukoni. Usiku ule sikuwaza hayo. Nilikuwa natafuta picha chafu, nimeshaandaa na hotuba yake kichwani. Nikaingia kwenye orodha ya vitu vilivyotafutwa mtandaoni.

Ilikuwa ndefu, na ilionekana dhahiri ni ya watu wengi. Maana ya catchment area. Simba leo. Meaning of hence. Meaning of whereas. Yanga matokeo. Limiting reagent ni nini kwa kiswahili. Jinsi ya kumwandikia msichana barua nzuri. Meaning of furthermore. Simba kafungwa na nani. Halafu, katikati ya mpira na Kiingereza, mara tatu mfululizo kwa maneno yanayotofautiana kidogo: dalili za mimba wiki ya kwanza.

Picha chafu sikuziona. Zinaweza kuwa zilikuwepo zikafutwa, watoto si malaika. Ila mimi nilibaki na hence na whereas. Hawa ni watoto waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka saba, wakafika kidato cha kwanza wakakuta kila somo limegeuka Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe. Kamusi maktaba zilikuwa chache za kuhesabu kwa vidole, na mojawapo ndiyo ile iliyochongwa shimo.

Na ule utafutaji wa mara tatu? Wakati ule mwanafunzi akipata mimba shule ilikuwa imemwishia pale pale; ruhusa ya kurudi darasani baada ya kujifungua ilikuja kutangazwa Novemba 2021. Kwa hiyo usingemuuliza matroni swali kama hilo, maana matroni angeanza na kipimo. Ungeiuliza simu. Pengine alikuwa msichana, pengine mvulana aliyepata habari akashtuka. Nilichopaswa kufanya asubuhi yake ni kumwomba matroni akae na wasichana bila kumtaja mtu, au kumwita muuguzi wa zahanati ya jirani aje azungumze na shule nzima. Kitu cha saa moja tu, kisichohitaji bajeti.

Asubuhi yake nilishika nyundo.

Paredi ya Ijumaa ilikuwa na desturi yake. Mkuu anahutubia, mwenye simu anapigishwa magoti mbele, simu inawekwa juu ya tofali. Pigo la kwanza kioo kinaruka. La pili betri inavimba. Kidato cha tatu aliyekutwa na kamusi alikuwa anaitazama ile simu kwa utulivu ulionishangaza, kama mtu anayetazama kitu kisicho chake.

Jioni nikagongewa mlango. Alikuwa mlinzi wa getini, mzee wa makamo, koti la mvua limemning'inia mabegani ingawa hakukuwa na mvua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu." Akanyamaza. Akatazama miguu yake. "Mwalimu, ile simu… laini mmeitoa?"

Ndipo nikaelewa. Simu ilikuwa yake. Alikuwa akiikodisha, shilingi 500 kwa nusu saa, usiku kucha shilingi 2,000, na kwenye kibanda chake kulikuwa na daftari la mistari lenye majina na saa. Wavulana walipokea kupitia uwazi wa uzio, wasichana jioni wakienda kisimani. Na kwenye ile laini kulikuwa na pesa zake, mshahara wa mwezi pamoja na makusanyo. Hatukuwa tumeitoa. Tulikwenda na tochi kwenye shimo la takataka nyuma ya jiko la shule, tukachambua maganda ya viazi, na tukaipata imebaki kwenye kipande cha plastiki. Akaipuliza vumbi, akaifuta kwenye suruali, akaifunga kwenye kona ya leso. Hakuniomba msamaha wala mimi sikumwomba. Kwa mkuu sikumtaja. Simu nilimlipa nusu bei mwaka uliofuata, kwa aibu zaidi kuliko kwa haki.

Muhula uliofuata msichana mmoja wa kidato cha tatu hakurudi kutoka likizo. Huenda hakuhusika hata kidogo na yale maneno niliyoyasoma. Nimekuwa nikijiambia hivyo.

Kisha ikaja 2020. Tarehe 17 Machi shule zikafungwa kwa sababu ya korona, watoto wakarudi makwao na matranka yao. Wiki mbili hazikuisha tukaambiwa wanafunzi wasikae bure, tufungue makundi ya WhatsApp, tuwatumie notisi na maswali. Sisi! Niliandika ujumbe wa kuwaomba wazazi wawape watoto simu kwa ajili ya masomo, na kabla sijabonyeza kutuma nikausoma tena nikacheka peke yangu. Mzazi mmoja wa Makete alinijibu: "Mwalimu, simu ya mwanangu si mliivunja nyie?"

Waliokuwa na simu walijiunga. Usiku saa sita bado wanachati kwenye kundi la Jiografia, na Jiografia yenyewe haimo. Wengine walizima kabisa. Bando la wiki lilikuwa sawa na bei ya unga. Tulipofungua tarehe 29 Juni, waliorudi na simu walikuwa wengi kuliko wakati wowote, na sisi tukachukua nyundo tukaendelea tulipoishia. Hakuna aliyesema kwenye kikao cha walimu kwamba miezi mitatu iliyopita tulikuwa tunaimba wimbo mwingine.

Nisieleweke vibaya. Mimi si mtu wa kusema watoto waachiwe simu darasani. Ufaransa walipitisha sheria 2018 ya kuzuia simu shule za msingi na za sekondari ya chini, na ripoti ya UNESCO ya 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilizungumza waziwazi juu ya simu zinavyoondoa mawazo ya mwanafunzi kwenye somo. Hilo naliona kwa macho yangu, na naliona kwangu mwenyewe: simu ikitetemeka mfukoni, sentensi niliyokuwa naiandika ubaoni inapotea njia. Simu ikae mbali saa za masomo. Ugomvi wangu ni na ile imani kwamba tukishaizuia getini tumemaliza kazi.

Nilihamia Dar es Salaam, shule ya kutwa ya kata, madarasa ya wanafunzi 60 na zaidi. Hapa simu haruhusiwi mtu kuja nayo, na kweli hawaji nazo. Hawana haja. Wanazo nyumbani: ya mama, ya kaka, ya kwao wenyewe. Wanatoka shule saa nane na nusu, na kuanzia hapo mpaka wanapolala sheria za shule zimebaki zimening'inia ukutani kwa mkuu.

Halafu tukapewa vishikwambi. Vile vilivyotumika kwenye sensa ya Agosti 2022, baada ya watu kuhesabiwa vikagawiwa walimu. Changu kilikuja kikiwa na mkwaruzo mrefu mgongoni, na nilipenda kuwaza kimebisha hodi kwenye nyumba ngapi. Kishikwambi kimoja kwa wanafunzi 61 si maabara ya kompyuta, ila ni kitu cha kushika. Nikamwomba mkuu dakika 40 za mwisho kila Ijumaa. Sikuziita somo la TEHAMA, maana hilo lina mtaala na mwalimu wake. Nilimwambia tu kwamba nataka kuwauliza watoto wanafanya nini na simu.

Swali la kwanza lilikuwa: laini unayotumia imesajiliwa kwa kidole cha nani? Kimya. Tangu usajili wa alama za vidole, wengi wao hawajafikisha miaka 18 na hawana kitambulisho cha NIDA, kwa hiyo laini ni ya mama, ya baba, ya shangazi wa Temeke. Nikawaambia, ukituma tusi leo usiku, kwenye kumbukumbu za mtandao aliyetukana ni mama yako. Nimewahi kutoa mahubiri mengi ya nidhamu, sijawahi kupata kimya kama kile.

Sikulitoa hewani swali hilo. Wiki mbili nyuma, kijana mmoja alimpiga picha mwenzake amesinzia, mdomo wazi, udenda unamtoka. Usiku picha ikawa stika. Jumatatu mkondo mzima ulikuwa nayo, na msichana yule hakuja shule siku nne. Kijana alilia ofisini kwangu, na nadhani alilia kweli: "Mwalimu, nimeifuta." Ameifuta kwake. Binamu yake wa Tanga anayo, na rafiki wa binamu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa uonevu wa namna hii, ila sikumpeleka popote. Nilimtuma aende na mama yake nyumbani kwa yule binti, mguu kwa mguu, kusema pole. Walikwenda. Stika bado ipo mahali fulani.

Kuna siku dada mkuu alininyooshea kidole. "Mwalimu, na wewe tukufanyie sachi?" Nilikuwa nimewapa zoezi, nimekaa meza ya nyuma, natelezesha kidole kwenye simu kama mtu anayepepeta mchele. Darasa likacheka. Toka siku hiyo simu yangu inakaa juu ya meza ya mbele, kioo juu, kila kipindi, na ikiita wanaona ni nani. Wanamjua fundi wangu wa friji kwa jina.

Oktoba, mwezi mmoja kabla ya mtihani wa kidato cha nne, wanafunzi watano walinijia na uso wa watu waliookota dhahabu wasiojua pa kuiuza. Wamenunua mtihani wa NECTA kwenye kundi la Telegram. Shilingi 15,000, kila mmoja katoa 3,000, pesa imetumwa kwa simu ya mama wa mmoja wao anayeuza vitumbua. Walikuja kwangu kwa sababu swali la kwanza limewashinda.

Nikaufungua. Swali la kusoma ramani. Ile ramani naifahamu kama uso wa mdogo wangu; nimeifundishia mazoezi miaka mitatu. Ulikuwa mtihani wa zamani, mwaka umefutwa na kuandikwa mwingine, tena kwa fonti tofauti. Maskini, hata tapeli hakujisumbua. Sikuwafokea kwanza. Niliwapa kazi ya kunionyesha wangejuaje, na ndani ya robo saa walikuwa wameona wenyewe: fonti, namba ya ukurasa inayoruka, kundi lenye umri wa wiki mbili, msimamizi asiyekubali kupigiwa. Ndipo nikawaambia na lile la pili, kwamba ungekuwa wa kweli lingekuwa baya zaidi, maana anayekutwa na mtihani hufutiwa matokeo yote. Hela ya vitumbua haikurudi. Mama yake aliponipigia alisema kitu kimoja tu, kwamba yeye mwenyewe mwaka jana aliliwa 40,000 na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii." Akauliza kama Ijumaa anaweza kuja na yeye akae nyuma.

Hii akili mnemba nilichelewa kuiona. Niliwapa insha: elezeni jinsi jamii mbili za Tanzania zilivyokabiliana na mmomonyoko wa udongo. Kati ya karatasi 61, tisa zilikuja na Kiingereza cha bungeni, furthermore kila aya, na zote tisa zikielezea upepo wa vumbi wa Marekani miaka ya 1930. Kondoa, ambako mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973 na mifugo ikaondolewa 1979 ili ardhi ipumue, haimo. Mbinga kule Ruvuma haimo. Walichokuwa wameiandikia mashine ni maneno mawili tu, "soil erosion", nayo ikawapa cha kwanza ilichonacho mdomoni.

Nikaona badala ya kuwapa sifuri tuiulize pamoja, kishikwambini, swali zima. Safari hii ilijibu vizuri: ikataja ngoro za Wamatengo, yale mashimo ya kulimia milimani, ikasifu, ikaeleza. Ila ngoro zenyewe ikazipeleka Kilimanjaro. Sauti ikatoka dirishani, msichana ambaye kwa miezi mitano nilikuwa sijamsikia akijibu swali.

"Mwalimu, si Kilimanjaro. Bibi yangu analima ngoro. Yuko Mbinga."

"Ana simu?"

"Anayo. Kitochi."

Tukampigia kwa simu yangu, sauti ya nje, kishikwambi nimekizima. Iliita muda mrefu. Alipopokea, darasa zima likasema shikamoo bibi, na upande wa pili kukawa kimya cha mtu anayejiuliza kama ni matapeli. Mjukuu akajieleza. Bibi akauliza, "Mko wangapi hapo?" Sitini na moja. "Mungu wangu. Mmekula?"

Halafu akafundisha. Unafyeka nyasi mvua za mwisho mwisho, unaziacha zinyauke. Unazilaza mistari iende hivi, na mingine iikatize, mpaka mlima wote uwe na viboksi. Katikati ya kila kiboksi unachimba, udongo unaoutoa unafunikia nyasi. Kwa hiyo shimo linabaki katikati, tuta pembeni, na nyasi zinaozea chini ya tuta. Mvua ikija maji yanatulia kwenye shimo. "Hayakimbii na shamba langu," alisema. Maharage kwanza, mahindi msimu unaofuata. Mtoto mmoja akauliza nani alimfundisha. Mama yake. Na mama yake? Akacheka, akasema hayo mambo ya zamani mno, na akaanza kusimulia jinsi alivyoolewa na kukabidhiwa jembe siku ya tatu, na mkwe wake aliposimama juu ya mlima kuangalia kama viboksi vyake vimenyooka, na yeye akiwa na miaka kumi na…

Simu ikakata. Dakika zangu zimeisha.

Darasa likaguna kama mtu amekosa penalti. Nikawa natafuta vocha mfukoni, kengele ya kutoka imeshagongwa na hakuna aliyenyanyuka, mara simu ikaita mlio mmoja, ikanyamaza. Namba ya Mbinga. Bibi anabipu.